Baba Mkwe Hatazamwi

Mimi ni mtu wa Tunduma. Nimekulia mpakani, nauza viazi kwa Wazambia, na kazi ile inataka macho: usipomtazama mteja usoni atakupunja huku anacheka na wewe. Sasa mtu kama mimi ndiye niliyekwenda kuolewa Ileje, kwenye ukoo ambao mkwe wa kike hamtazami baba mkwe wake. Sisemi hamtazami vibaya. Hamtazami kabisa! Akija njiani unaacha njia, unaingia kwenye mahindi ya watu, unampa mgongo na kuinama mpaka apite. Jina lake hulitaji. Paa moja hamlali. Akitaka kukuambia jambo anamwambia kuku, au anauambia ukuta, na wewe unasikia. Miaka sita nilikuwa mkwe wa nyumba ile. Nilikijua kikohozi chake, nikaijua fimbo yake na kofia yake, lakini ungeniuliza ana sura gani ningekuambia sijui.

Jina lake Amoni. Haya, nimelitaja, na nitalitaja tena.

Alikuwa anatoa damu chooni mwaka mzima kabla hatujajua. Aliita bawasiri. Alichemsha mizizi, akanywa, akanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo kila mtu Ileje anaijua, na sijaona hata mmoja iliyemfanya afungue mdomo. Mwishoni mwa mwaka 2009 tumbo likamjaa kama ngoma, siku tano choo hakitoki, ndipo mume wangu Osea akampakia kwenye gari kumpeleka hospitali kubwa Mbeya. Mimi nilikwenda nao. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo kwa mgongo na mzee, shingo ikaniuma siku mbili.

Daktari wa upasuaji alitueleza vizuri, simlaumu. Alisema kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto chini, kulikuwa na uvimbe wa saratani umeziba njia yote. Wameukata pamoja na kipande cha utumbo huku na huku, na tezi zilizo karibu yake. Lakini utumbo wa juu ulikuwa umevimba na umejaa uchafu, wangeuunga siku ile ungefumuka na kummaliza. Kwa hiyo ncha ya juu wameitoa nje, kwenye ngozi ya tumbo, na haja itatokea hapo kwa miezi mitatu. Utumbo ukipumzika anarudi, wanauunganisha, anakuwa mtu kama watu.

"Nyumbani atahudumiwa na nani?" akauliza nesi, sista Felista.

Osea akanyoosha kidole kwangu. Mimi nilikuwa mwisho wa korido, nimeupa mgongo mlango wa wodi.

Sista akanifundisha. Alinichorea kwenye karatasi, kisha akanipeleka wodi ya wanawake kwa mama mmoja wa Vwawa aliyefanyiwa vilevile, naye akaniruhusu nioshe, nipake mafuta ngozi ya pembeni, nifunge mfuko. "Huu mdomo wa utumbo," sista akasema, "unatakiwa uwe mwekundu, umelowa, kama ndani ya shavu lako. Asinyanyue kitu kizito, utatokeza nje. Ukivimba, ukawa zambarau au mweusi, ukaacha kutoa kitu na mgonjwa anatapika, usimuulize mtu. Mlete siku hiyohiyo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, sista. Ila mimi simtazami."

"Humtazami nani?"

"Mzee. Ni baba mkwe wangu."

Akacheka, akadhani namtania. Alipoona sicheki akamgeukia Osea. "Sasa atakayetazama ni nani?"

"Mama yupo," Osea akasema.

"Mama yako haoni!" nikasema. Mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na kivuli basi. Osea akanikanyaga mguu. Alisema mama anaona kidogo, na pia kuna baba mdogo Nikodemo, jirani yao, atakuwa anakuja. Sista alikuwa na wagonjwa arobaini wa kuhudumia. Akaandika kwenye cheti, tukaondoka.

Basi nikapelekwa kijijini juu ya Itumba, na binti yangu Irene wa miaka minne, kumuuguza mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Osea akarudi kwenye malori yake, yeye ni utingo, leo Tunduma kesho Kitwe. Akivuka mpaka laini yake haishiki.

Tulijipanga hivi. Mimi nachemsha maji, nakata nailoni ya mfuko, nakunja vitambaa, naweka beseni mlangoni kisha nageuka. Mama anatoka anapapasa, analichukua, anaingia. Mimi nasimama nyuma ya nyumba, sikio ukutani, namwelekeza: sasa futa kwa kuzunguka, mama, sasa paka mafuta, usikaze sana. Yeye anafanya kwa vidole. Kila asubuhi nauliza, "Mama, rangi ikoje?" Na kila asubuhi kabla hajajibu, mzee anauambia ukuta, "Nyekundu."

Yeye ndiye alikuwa anajitazama. Haya, nikasema, ana macho yake, na akili zake ni timamu.

Na tuseme ukweli, alikuwa anapona. Wiki ya tatu alianza kula ugali laini. Wiki ya tano nilimsikia anamfokea mbwa, nikacheka peke yangu jikoni. Mama aliniambia mbavu hazishikiki tena, zimefunikwa na nyama. Nilianza kuhesabu wiki zilizobaki nirudi kwenye viazi vyangu.

Wiki ya sita, Jumatatu jioni, mama aliona giza la mvua linakuja, akataka kuingiza debe la mahindi lililokuwa uani. Mzee akamwambia, "Toka hapo, utaanguka," akalibeba mwenyewe. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi mama akanihadithia kwa fahari, kwamba mzee sasa ana nguvu. Nikaishiwa na nguvu mimi.

Jumanne asubuhi nikauliza rangi. Ukuta ukajibu, "Nyekundu." Lakini sauti ilitoka kama ya mtu aliyebana meno.

"Mama, mfuko una kitu?"

"Hauna kitu, mwanangu. Tangu jana."

"Gusa. Ule mdomo uko saizi ileile?"

Nikamsikia anapapasa. Kisha mama akasema taratibu, "Umekua. Umetokeza kama ngumi. Mgumu. Halafu wa baridi."

Jamani! Nikasikia mzee anatapika. Nikauambia ukuta, nikamsemesha moja kwa moja kwa mara ya kwanza maishani mwangu: "Baba, nisamehe. Niruhusu niingie nione mara moja tu."

"Usiingie!" Kwa mtu anayetapika alikuwa na sauti kubwa. "Mwambieni huyo mtoto wa watu asiingie! Akiuona uchi wangu si mimi nitakayelipa, ni mtoto wake!"

Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimemaliza darasa la saba. Nimeuza viazi kwa watu wa mataifa manne. Maneno kama hayo nikiwa Tunduma nayacheka. Lakini juma lile Irene alikuwa na homa, amelala jikoni kwenye mkeka, anapumua haraka haraka, na niliposikia "mtoto wake" mguu wangu uliokuwa umekwisha kuinuka ukarudi chini wenyewe. Niliogopa, najua nilichokiogopa, na sitamsingizia mtu mwingine.

Nikampigia Osea. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikakimbia kwa baba mdogo Nikodemo, nikasimama nyuma ya ghala lake, mgongo umegeuka, maana naye ni baba mkwe wangu vilevile. Nikalia huku nasema: nenda kamtazame kaka yako, funua, tazama rangi, ikiwa nyeusi tumpeleke Mbeya sasa hivi.

Alikuja, hilo sikatai. Aliingia ndani nikamsikia anasali, sala ndefu ya Kindali, lugha ya kwao, anamtaja Yesu na mababu bila kuwagombanisha. Kisha akatoka, akasimama uani akiongea na mti wa kahawa.

"Mzee hajambo. Ni gesi."

"Umeona, baba?"

"Nimeona."

"Rangi gani?"

"Ya kawaida. Mpeni maji ya moto yenye tangawizi."

Nikashusha pumzi. Nilitaka sana kumwamini, basi nikamwamini. Nikachemsha tangawizi, mzee akanywa, akaitapika. Nikajiambia dawa inafanya kazi. Mtu ukitaka kujidanganya hukosi sababu.

Jumatano asubuhi Irene aliamka hana homa, anaomba uji. Mama mkwe akaja jikoni anapapasa ukuta, akakaa chini bila kutafuta kigoda.

"Mwanangu Ruti. Jana nilikunyamazia."

"Nini, mama?"

"Nikodemo hakufunua. Blanketi nilikuwa nimelishika mimi. Alisali tu, akatoka. Na mzee akaniambia nikikuambia ataniacha. Ataniacha! Miaka hamsini!" Akaanza kulia. "Sasa haongei tena. Na ananuka, mwanangu. Ananuka kama kitu kilichokufa."

Nilimwacha pale na mwiko wa uji mkononi mwangu. Niliingia. Ndio, niliingia! Sikubisha hodi, sikuinama, niliingia kama ninavyoingia sokoni.

Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wa Amoni. Alikuwa mzuri. Ana pua ya Osea, ana kidevu cha Irene, hasa kidevu, mpaka nikasita. Macho yalikuwa yamezama. Aliponiona aliokota nguvu sijui wapi, akavuta blanketi likafunika uso, na alipolivuta kulifunika uso, tumbo likabaki wazi. Utumbo ulikuwa umetokeza kama kiganja kizima nje, mweusi kama ini lililosahaulika juani.

"Baba," nikasema, "hatuna tena cha kufichana."

Chini ya blanketi nilimsikia analia.

Nilipiga yowe, watu wakaja. Wanaume wanne wakafunga machela ya miti na blanketi, tukashuka utelezi mpaka Itumba. Pale hospitalini hawakupoteza muda, wakamtundikia maji, wakatutafutia gari. Mvua ilikuwa imekula barabara ya Isongole. Mara mbili tulishuka kusukuma, mimi na kanga yangu kiunoni, matope mpaka mapajani. Kila tukipanda tena nilimshika mkono. Mwanzoni aliuondoa. Tulipoupita mji wa Mpemba hakuuondoa tena, na sijui kama alikubali au alikuwa hajui tena ni mkono wa nani.

Mbeya walimwingiza chumba cha upasuaji palepale. Daktari ni yuleyule. Alitoka jioni, akasema wamekata utumbo uliokufa, lakini sumu ilikwisha kuingia kwenye damu. Alhamisi asubuhi saa mbili Amoni alifariki.

Osea alifika saa nne. Alikuwa amepata ujumbe Nakonde, upande wa Zambia. Alikaa chini sakafuni, kofia mkononi. Daktari akatuita ofisini kwake, akatupa pole, akafungua faili, akalifunga, akalifungua tena.

"Nyumbani nani alikuwa anatazama?" akauliza.

Osea akaniangalia. Nikasema, "Hakuna."

Daktari akatoa karatasi moja kwenye faili. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayesoma barua asiyoitaka. Ule uvimbe waliouondoa mara ya kwanza ulipelekwa kupimwa. Majibu yalirudi wiki iliyopita. Kingo zote za utumbo safi. Tezi walizotoa ni kumi na nne, na hakuna hata moja iliyoguswa na saratani. "Kwa kadiri ya vipimo vyetu, tulikuwa tumeitoa yote. Nilikuwa namsubiri nimuunganishe. Wagonjwa wa namna yake wengi wanaishi, mama. Wanazeeka. Ule utumbo uliotokeza, angeletwa juzi, ningeurudisha ndani kwa mkono pengine, au kwa kisu kidogo."

"Juzi ni Jumanne," nikasema.

"Ndiyo. Jumanne."

Nilimwomba ile karatasi ya majibu, akaninakilia. Kwenye gari la maiti nilikaa nayo ndani ya blauzi, na njia nzima nilikuwa nasema moyoni, Jumanne, Jumanne. Osea alifikiri nasali.

Tulimzika Ijumaa. Jumapili ukoo ukakaa kikao cha matanga, wanaume mbele, mimi nimekaa nyuma ya mlango wa jiko nikiwapa mgongo kama kawaida. Nikasikia wanaanza kunizungumza. Kwamba mkwe amemwona mzee uchi. Kwamba mzee alikufa siku moja tu baada ya kuonwa, na hilo kila mtu amelihesabu. Kwamba lazima nioshwe kwa kuku mweupe kabla sijapika tena kwenye nyumba ile. Aliyeongea kuliko wote alikuwa Nikodemo. "Heshima imevunjwa!" anasema. "Heshima imevunjwa!"

Nikatoka. Nikasimama katikati yao, nikawatazama mmoja mmoja, wazee wazima wakageuza nyuso kama watoto wanaokwepa dawa.

"Kuku nitamleta," nikasema. "Hata wawili. Lakini kwanza mtasikia." Nikawasomea karatasi. Sikuelewa maneno yote ya kidaktari, nikawaeleza kama nilivyoelezwa: saratani ilikuwa imekwisha. Amoni alikuwa mzima. "Aliyekufa hapa amekufa kwa sababu mwenye macho alikatazwa kutazama, na mwenye ruhusa haoni. Na mwingine alikuwa na macho na ruhusa vyote viwili, akasali akatoka. Na mimi nimo! Jumanne yote nilikaa nyuma ya ukuta nachemsha tangawizi. Mnioshe kwa hilo, kama mna kuku wa hilo."

Osea alinishika bega, nikamtoa mkono, nikarudi jikoni. Nilipiga magoti mbele ya mafiga nikalia kilio ambacho sikukilia makaburini.

Watu walipoanza kutawanyika nikasikia hatua zinakuja nyuma ya jiko, zikasimama. Nikajifuta, nikatoka. Alikuwa Nikodemo. Amesimama na mgongo wake kwangu, anautazama mgomba.

"Ni kweli sikufunua," akauambia mgomba.

"Najua."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, baba? Kaka yako?"

Mabega yake ni yaleyale ya Amoni, mapana, yameanguka kidogo kushoto.

"Damu," akasema. "Na mimi natoka damu. Tangu mavuno ya mwaka jana. Hajui mtu, hata mke wangu. Nikaona nikifunua lile blanketi nitajiona mimi."

Mungu wangu. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumshika kama mtoto. Miezi yote hiyo! Na juzi amesimama kaburini anatupa udongo, anajua.

"Geuka, baba," nikasema. "Mimi siongei na mgongo."

Hakugeuka.

"Geuka."

Alitikisa kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinachana jani la mgomba nyuzi nyuzi.

Basi nikazunguka mimi. Nilipita kwenye matope, nikasimama mbele yake, karibu mpaka nikasikia pumzi zake. Akafumba macho, akayabana kwa nguvu, machozi yakapenya hivyo hivyo.

"Fumba tu," nikamwambia. "Kesho alfajiri tunapanda gari la Mbeya, mimi na wewe, na huko ndani nitaingia na wewe."